Tairi Juu ya Sima

Jioni ile Kache alisonga sima ya muhogo, kwa kuwa mahindi mwaka ule hayakupatikana ila kwa cheti cha serikali. Aliipindua kwenye sinia, akaipigapiga kwa mwiko uliolowa maji mpaka ikawa laini juu, kisha akageuka kuchukua bakuli la mchicha. Aliporudi, sima ilikuwa imepitiwa na tairi. Alama ilianzia ukingo wa sinia ulioelekea mlangoni, ikapita katikati, ikatokea upande wa pili. Ilikuwa na meno mapana, na jino moja lilikosekana.

Watoto watatu walikuwa wameshanawa mikono. Mkubwa aliuliza kama waanze, Kache akasema wamngoje baba yao mdogo. Katika nyumba hiyo aliyemega kwanza siku zote alikuwa Gershom Ngala, mumewe, na alimegea upande wa mlango, maana ndipo alipoketi. Sasa Gershom alikuwa kaburini, na matanga yalikuwa yamekwisha juma lililopita.

Nguma, mdogo wake marehemu, alifika kutoka kazini, akaamkia, akaitazama sima.

"Lori la jeshi hili, shemeji," alisema. "Tairi la nyuma."

Aliyajua vizuri matairi hayo, kwa kuwa kazi yake pale Changamwe ilikuwa kuyaviringisha mapipa ya mafuta hadi kwenye malori hayohayo. Walikula kandokando. Katikati waliwaachia kuku.

Gershom alikuwa ameuawa katika barabara ya kambini, wakati wa mvua za masika, jua halijazama. Nguma alitaka kumwoa msichana aitwaye Dhahabu, na wazee wa Dhahabu wasingefungua kinywa mpaka wapelekewe kadzama, yaani kibuyu cha tembo la mnazi ambacho kwao ndicho mlango wa posa. Kadzama hubebwa na mkubwa wa nyumba. Gershom alikuwa mzee wa kanisa na tangu abatizwe hakuwahi kuonja tembo, lakini mkubwa wa nyumba alikuwa yeye, hapakuwa na mwingine. Alivaa shati lake la Jumapili, akakipakata kibuyu kifuani, akaenda. Lori lilimpiga kwa nyuma. Kibuyu kilimpasukia kifuani, na polisi walipofika walimkuta amelowa tembo kutoka ukosi wa shati hadi mshipi.

Uchunguzi wa kifo ulifanyika kisiwani, na ulikwisha upesi kuliko inavyochemka chai. Barua kutoka kambini ilisema kwamba jioni hiyo hakuna lori lililotoka. Hakimu akaandika kwamba marehemu alikuwa amelewa na alijiangukia barabarani. Erastus, mwalimu wa kanisa, aliposomewa hayo alihuzunika sana, kisha akaamuru Gershom azikwe nje ya ua wa makaburi ya kanisa.

"Kortini wakibadili neno lao, mama, na sisi tutabadili letu," alimwambia Kache. "Tutamwingiza ndani siku hiyohiyo."

Erastus hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuamini karatasi, na watu wa namna hiyo huwaumiza wengine bila hata kupandisha sauti. Kaburi la Gershom lilikuwa karibu na ua kiasi kwamba mtu angeweza kusimama ndani na kulimwagia maji. Kache alitaka mumewe avushwe ua huo tu. Alilitaka jambo hilo kuliko alivyotaka unga.

Tairi halikukoma kwenye sima. Lilipita juu ya mto wa kulalia, likapita juu ya nguo zilizoanikwa, na asubuhi mtoto mdogo aliamka akiwa na alama yake mgongoni, nyekundu, ikatoka kwa maji ya vuguvugu. Kwenye sima ndiko ilikoonekana vizuri zaidi, hasa sima ya muhogo, kwa kuwa hunata. Na kila Kache alipokwenda kuteka maji aliliona lori lenyewe likipita, na kwenye matope likiacha alama ileile yenye pengo. Hakuna aliyelificha. Dereva wake alikuwa kijana, na siku nyingine alipiga mluzi.

Kache na Nguma walivuka daraja la Makupa kwa miguu, wakaenda kisiwani kwa wakili, Mgoa aitwaye Nicanor, aliyekuwa na afisi ghorofani juu ya duka la vitambaa. Kache alifungua kitambaa, akaiweka sima juu ya meza. Wakili aliitazama, akachukua rula, akapima upana wa alama.

"Tani tatu," alisema. "Sasa, mama, wataka nini hasa?"

"Nataka waseme hakulewa, bwana. Lile tembo alilibeba. Hakulinywa."

Nicanor alikuwa mtu wa haki, na alimweleza yote bila kumficha. Jeshi ni la Mfalme, na Mfalme hashitakiwi katika korti yake mwenyewe, kwa hiyo mlango huo umefungwa. Dereva aweza kushitakiwa yeye kama yeye, tena mjane na watoto wana haki hiyo kabisa, ila ni lazima ajulikane jina, na kambi imesema hakuna dereva aliyetoka. Hata akipatikana, vikosi vinapakiwa melini kwenda Burma, na hati ya korti haivuki bahari kumfuata askari vitani. Mjane aweza pia kumwandikia Gavana kumwomba huruma, na Gavana akipenda atatoa kitu.

"Nimwombe huruma kwa kosa la nani?" Kache aliuliza.

"Ndiyo maana mimi sipendi njia hiyo," alisema Nicanor. "Imebaki kumwomba hakimu aufungue uchunguzi upya. Kwa hilo patakiwa ushahidi mpya." Aliigusa sima kwa ncha ya kalamu. "Huu ni mpya. Tabu yake ni kwamba unachacha."

Wakakubaliana kwamba ushahidi upikwe papo hapo.

Siku ya kesi Kache aliinjika chungu nyuma ya korti, mahali wafungwa walipofagia, akasonga mbele ya karani ili pasiwe na udanganyifu. Aliipindua sima kwenye sinia. Karani aliinama kufunga kamba ya kiatu, na alipoinuka alama ilikuwapo. Ililetwa ndani ingali inafuka moshi. Hakimu aliiangalia, akauliza ni unga gani, akaamuru ipimwe. Afisa kutoka kambini naye aliiangalia. Alikiri kwamba tairi ni la jeshi, na kwamba jino lililokosekana analijua, wamekwisha kuagiza tairi jingine.

"Lakini hii yaonyesha kwamba lori limepita juu ya chakula," alisema. "Haionyeshi kwamba limepita juu ya mtu."

Hakimu aliona hoja hiyo ina uzito. Nicanor alisimama akasema kwamba chakula hicho ni cha nyumba ya marehemu na si cha nyumba nyingine yoyote. Hakimu akaona kwamba hiyo nayo ina uzito, akasema ataamua baada ya chakula cha mchana. Sinia iliandikwa namba, ikawekwa juu ya meza, na askari wa mlangoni akaachwa ailinde.

Askari huyo alikuwa mtu wa bara, mwenye watoto, na mwaka ule hata askari walilala njaa. Waliporudi sinia ilikuwa tupu. Hakukana. Alisema alidhani wamekwisha kuitumia. Hakimu akaandika kwamba ushahidi haupo na kwamba neno la kwanza linabaki. Nicanor aliomba sima nyingine ipikwe, akaambiwa kwamba korti si jiko.

Njiani kurudi nyumbani Nguma alilia. Alisema ni yeye aliyemtuma kaka yake na kibuyu kile, na kwamba Dhahabu hamtaki tena. Kache hakumfariji, kwa sababu na yeye aliwaza hivyohivyo, na alimpenda shemeji yake na kumchukia kwa pamoja. Walipofika Makupa alimtwika chungu, wakaendelea.

Erastus aliwapokea kwa upole. Alisema anamwombea Gershom kila siku, upande ule aliko.

Baada ya hapo maisha yalirudi kuwa maisha. Watoto walizoea, wakagundua kwamba alama inafaa kugawia: kila mmoja safu yake ya meno, na pengo lilikuwa la mdogo kwa sababu hapo sima ilibaki nene. Kuku hawakupata tena kitu. Mvua za vuli zilikuja zikaenda.

Jioni moja Kache aliipindua sima na kukuta njia mbili, moja imeikata nyingine. Alizitazama kidogo. Zote zilikuwa na pengo. Aliwaambia watoto wale, akajifunga leso, akatoka kwenda kuuliza ni nyumba ya nani iliyofiwa.

Ilikuwa ya Odhiambo, mfanyakazi wa kiwandani, aliyekaa kwenye nyumba za wafanyakazi karibu na reli. Alikuwa ametoka zamu, akaonekana amelala kando ya barabara ya kambini na kifua kimebonyea. Mkewe, Agneta, alikuwa ameketi chini, na polisi alikuwa amesimama mlangoni akimweleza kwamba yaelekea alikuwa amelewa. Odhiambo hakunukia kitu ila sabuni ya kiwandani. Polisi aliliona hilo, akasema basi labda alikuwa amelala usingizi.

Kache alimsubiri polisi aondoke. Alikaa na Agneta siku zote za kilio, akamchotea maji, akamnyonyolea kuku, lakini habari ya tairi hakumwambia. Karatasi ilipotoka iliandikwa ulevi hata hivyo, Erastus akaja na ile huzuni yake, na Odhiambo akazikwa nje ya ua, kando ya Gershom. Walipobaki wawili ndipo alipozungumza.

"Mwanangu, umepika tangu siku ile?"

"Mimi sina nguvu ya kupika, mama. Watoto wanakula kwa majirani."

"Leo pika. Songa sima."

"Ugali?"

"Uite utakavyo."

Agneta alisonga. Kache alikaa kwenye kigoda akitazama mlango. Ugali ulipinduliwa kwenye sahani, Agneta akageuka kutafuta chumvi, na alipogeuka tena alama ilikuwapo, safi, imeingia upande aliokuwa akiketi Odhiambo. Agneta aliitazama, akaweka chumvi chini.

"Hii nipeleke wapi?" aliuliza.

"Kisiwani yuko wakili, mtu mzuri. Atakueleza njia zote, na hatakudanganya hata moja. Nenda kwake, usije ukasema hukwenda." Kache aliisogeza sahani karibu naye. "Lakini hii usimpelekee. Waite watoto waile ingali moto."

Nje lori lilipita likielekea kambini, na vifuniko vya sufuria vikalia juu ya kichanja. Watoto waliingia, wakanawa, wakaketi kuizunguka sahani. Walingoja, kama walivyofunzwa, mikono yao imelowa mapajani, mmoja akitazama upande wa mlango.

"Mega wewe," alisema Kache.

Agneta alinyoosha mkono, akamega.