Gari Lenye Harufu ya Mto

"Anzia chini, Mama. Usinikimbilie juu."

"Nilijua kumimina maji kabla hujazaliwa," mama yake akajibu kutoka nje, na kopo la kumwagilia maua likaanza kuchuruza ubavuni mwa gari.

Matone alikuwa amechuchumaa ndani, vioo vimefungwa, tochi mkononi, masikio wazi. Viti vyote vinane alikuwa ameving'oa na kuviegemeza kwenye ukuta wa karakana. Zulia alilianika juani, sakafu akaikausha kwa matambara, kisha akatandika magazeti. Kwenye mipira ya milango alipaka poda ya mtoto: tone likipita, poda huacha mstari, na mstari haudanganyi. Maji yenyewe ndiyo hayaaminiki. Unayakuta miguuni mwa dereva, kumbe yameingilia nyuma na kupita kichinichini kama mgoni anayejua njia za uani. Ndiyo maana alijaribu gari kutoka chini kwenda juu, sehemu moja moja. Ukianza na paa kila kitu kitalowa, hutajua umlaumu nani. Kwa ufundi huo mji mzima ulimwita Matone, jina la baba yake likabaki kwenye kitambulisho tu.

Gari lililetwa asubuhi na mkuu wa magari ya idara ya afya, ambaye mafundi walimwita Bwana Usafiri.

"Kila siku kuna maji ndani, na mvua haijanyesha wiki ya tatu sasa," alisema. "Ni vile wanaliosha kila asubuhi, basi, lakini dereva ameshaanza maneno yake ya mizimu. Ziba, bandika dari upya, tia manukato. Kesho alfajiri linapeleka wachanjaji ng'ambo ya mto."

Ng'ambo ya mto. Matone hakupenda kuyasikia maneno hayo. Miaka miwili nyuma dada yake, muuguzi, alikwenda huko na wenzake wanne kuchanja watoto, gari likasombwa darajani. Familia zilikabidhiwa majeneza yaliyokwisha kupigiliwa misumari. Gari halikuonyeshwa kwa mtu. Idara ilisema limeuzwa chuma chakavu. Ripoti nayo ikaandika kwamba abiria waliteremka wenyewe, kwa hiari yao, kinyume cha maagizo. Yaani kosa ni lao, kesi imekwisha. Tangu asomewe karatasi ile, mama yake alibaki na swali moja: "Mwanangu aliyeogopa hata maji ya beseni, ateremke mwenyewe mtoni?" Alimuuliza kila mtu, na kila mtu alitazama pembeni, Matone akiwa mmojawapo.

Milango ilikuwa mikavu. Alipobandua mpira wa mmoja wao, aliona chini ya rangi nyeupe ukingo wa bluu. Zamani magari ya idara yalikuwa ya bluu. Gari kupakwa rangi si ajabu, akajiambia. Akatoka, akafungua mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, pale majani yanapopenda kuziba, akachokoa kwa waya. Halikutoka jani. Lilitoka tope laini, jeusi, lenye harufu ya mto, na ndani yake gamba dogo la konokono wa majini. Kadi ya gari ilisema ni la kuzungukia mjini, makao makuu na bohari.

Aliliweka gamba mfukoni bila kumwonyesha mama yake.

"Sasa paa," alisema, akaingia na kujifungia.

Maji yakapiga ngoma juu ya bati. Haukupita muda akayaona yanapoingilia: uzi mwembamba nyuma kabisa, kwenye kiungo cha paa ambacho utomvu wake wa kuzuia maji ulikuwa umekatika. Ulipita nyuma ya kitambaa cha dari, ukateremka kwenye nguzo, ukaelekea mbele chini ya sakafu. Siku nyingine angepiga mluzi wa ushindi.

Ka!

Vitasa vyote vilijifunga kwa pamoja. Hakuna aliyevigusa. Matone alijua sababu: chini ya miguu ya dereva kuna kisanduku kinachoamuru vitasa, na kisanduku kile kilikuwa kimelowa kwa muda mrefu. Kujua hakukumsaidia. Alivuta kishikio, kikalegea tu mkononi. Akabonyeza kitufe cha kioo, kimya.

"Mama!"

Kwa mlio wa maji mama hakusikia, akaendelea kumimina kwa bidii. Vioo vikaanza kufunga ukungu wa pumzi yake. Juu, kitambaa kilivimba, gundi ikaachia, na kitu kizima, kizito na baridi, kikamwangukia kichwani. Alikipapatua kwa hofu, akainua tochi.

Chini ya dari mpya walikuwa wameiacha ya zamani, na dari ya zamani ilikuwa na viganja.

Viganja vya tope, vidole vimetanuka, vingine juu ya vingine, vyote vimesukuma kwenda juu. Mbele havikuwepo. Vilijazana nyuma, pale paa linapoinuka, mahali ambapo hewa hubaki ya mwisho.

Matone aliacha kuita. Alikaa sakafuni juu ya magazeti akalia.

Mama alipoona kimya kimezidi, alichukua ufunguo kwenye msumari akafungua mlango.

"Una nini wewe?"

"Usiingie, Mama. Nakuomba."

Kumkataza bibi yule ni kumwonyesha njia. Alipanda, akapiga magoti, akatazama juu kwa muda mrefu. Kisha akainua mkono wake wa kulia, ambao kidole cha mwisho kilizaliwa kimepinda kwa ndani, urithi aliompa binti yake peke yake. Akatafuta kiganja baada ya kiganja. Kimoja kikalingana na chake, mpaka ule upinde wa kidole.

"Huyu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Hakuteremka."

Saa kumi Bwana Usafiri alikuja na fomu yake.

"Maji nimeyaziba," Matone alimwambia. "Kiungo cha paa nimekitia utomvu, mfereji nimeuzibua. Lakini kisanduku cha vitasa kimeoza. Kikilowa kinafunga watu ndani. Kibadilishwe kabla ya kesho."

"Hicho hakimo kwenye bajeti. Bandika dari, weka saini."

"Itazame kwanza hiyo dari."

Bwana Usafiri hakuinua macho. Asiyejua angeinua.

"Nani yule ndani?"

"Mama yangu. Yumo tangu adhuhuri."

"Mwambie ateremke, gari linatakiwa."

Mama hakugeuka. Alikuwa bado amepiga magoti, ufunguo kwenye ngumi moja, kiganja cha pili darini. Bwana Usafiri akanyoosha mkono kwenye kishikio, na kabla hajakigusa, ka! Kama ni bibi aliyefunga au ni gari lenyewe, Matone hakuona. Mkubwa akauvuta mlango, akazunguka wa pili, wa tatu.

"Sasa mimi nikaandike nini huko?"

Matone akachomoa kalamu iliyokuwa sikioni, akampa.

"Andika ameteremka mwenyewe, kwa hiari yake. Si mnajua kuandika hivyo?"