Dole Gumba Juu ya Tarehe

Uvumi ulimkuta Velma amepiga magoti bafuni, mkono mmoja ndani ya choo, mwingine umeshika simu. Klorini ilikuwa inamchoma macho. Susan, rafiki yake anayefagia kiwanda kule Rusayl, nje kidogo ya Maskati, alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti, na alinong'ona utadhani amejificha uvunguni.

"Weh, Velma, umeskia? Wanasema ukienda kujiandikisha kupiga kura, jina lako linatumwa kwa kafili wako. Kuna dada wa Al Amerat alienda Ijumaa iliyopita. Jumapili, ndege ya nyumbani! Nguo alizokuwa anafua ziliachwa kwa mashine. Mimi siendi, na wewe usithubutu."

Velma aliisikiliza mara tatu. Dada huyo wa Al Amerat hakumjua, na Susan mwenyewe hakumjua. Lakini maneno yalimganda. Akimenya vitunguu, yapo. Akipiga pasi kanzu za Bwana Jaifar, kafili mwenyewe, mwajiri aliyemdhamini, yapo. Akilala yanakaa kifuani kama paka wa watu.

Na bado alitaka kwenda.

Miaka mitano alikuwa amekaa katika nyumba hii ya Bawshar, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemuuliza swali. Aliambiwa. Aliambiwa ale nini, alale saa ngapi, aongee na binti yake Ann siku gani. Siku ya kwanza kabisa aliambiwa jina lake ni Salma, kwa sababu hilo la Velma gumu. Sasa habari zilikuwa zimefika kutoka nyumbani kwamba hata walio Maskati wataandikishwa, katika ukumbi wa kukodi kule Ruwi. Kila Mkenya ataulizwa anamtaka nani. Ann alimcheka kwenye simu. "Mama, kura moja itafanya nini?" Velma akamjibu, "Sijui itafanya nini. Nataka tu niulizwe."

Wiki nzima alijipaka vaselini vidoleni, maana alisikia mashine ya kuandikisha inachukua alama za vidole vyote kumi, na vyake vilikuwa vimelainishwa na klorini mpaka simu yenyewe ilikataa kumfungulia.

Kilichobaki ni pasipoti.

Pasipoti hakuwa ameiona tangu siku aliyoshuka ndege. Murshid, ajenti aliyempokea, aliikusanya ofisini kwake pamoja na za wenzake, azikabidhi kwa waajiri. Velma akamwomba apige picha ukurasa ule wenye sura yake. Murshid akamshikia kitabu wazi, haraka haraka, huku anazungumza na mtu mwingine, na dole gumba lake lenye pete ya fedha likaingia kwenye picha. Picha hiyo ndiyo Velma aliyokuwa nayo. Namba ya pasipoti aliijua kwa moyo.

Alimwendea Bi Shaikha, bibi mwenye nyumba, baada ya kahawa ya asubuhi. Bi Shaikha alizaliwa Unguja, akaletwa Oman mdogo, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata akikuumiza.

"Pasi? Ya nini? Unasafiri?"

"La, Bibi. Kuna kuandikishwa kura Ijumaa, Ruwi. Wanataka pasipoti yenyewe, hawataki picha."

"Kura!" Bi Shaikha akacheka mpaka kikombe kikatikisika. "We Salma, unakula unashiba, unalala na eisi inapuliza. Kura ya nini? Mie nna miaka sabiini, kura yenyewe sijaijua rangi yake, na sijafa."

"Kwetu tunaulizwa mara moja kila miaka mitano, Bibi. Ya nyuma ilinipita."

"Pasi yako nimeiweka kabatini, na dhahabu yangu. Mahali pa hishima. Ukenda nayo huko ikapotea, nani atahangaika? Mie."

"Basi nipe, nihangaike mwenyewe."

"Alaa! Umeanza lini kunijibu?"

"Leo, Bibi."

Bi Shaikha akamtazama kama anayemwona mgeni aliyeingia sebuleni bila kubisha hodi. Kisha akamwonyesha mlango wa jikoni kwa kidevu. Velma akaenda. Lakini hakuwasha jiko. Siku hiyo walikuwa wanakuja wageni wa Nouf, mjukuu wa Bi Shaikha, watu wa posa, watu ishirini wa kula. Mchele umelowekwa, nyama iko mezani, na Velma amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Saa nne. Saa tano. Hakuinuka.

Akaja Jaifar, mwana wa Bi Shaikha, aliyeandikwa kwenye karatasi kuwa ndiye kafili. Mtu wa sauti ya chini.

"Salma, unatufanyia nini?"

"Nangoja jibu, Bwana Jaifar."

Jaifar akatazama saa, akatazama nyama. "Haya. Ijumaa nitakupeleka mimi. Lakini pasi itakaa mkononi mwangu, na mkononi mwangu itarudi. Umeridhika?"

Hakuridhika. Akawasha jiko.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikishwa. Walifika Ruwi saa nane kasorobo, pasipoti ikiwa ndani ya mfuko wa kifuani wa kanzu ya Jaifar. Njia nzima Velma aliitazama ilivyotokeza kwenye kitambaa cheupe. Ukumbini kulikuwa na watu kama arobaini: walinzi, wauguzi, mafundi, wasichana wa kazi waliotoroka kwa saa moja na abaya za kuazima. Mezani alikaa karani kijana, Josphat, mbele ya mashine ndogo yenye kioo cha vidole.

Zamu yao ilipofika, Jaifar akanyoosha mkono juu ya bega la Velma. "Hii hapa."

Josphat akaipokea. "Na wewe ni nani wake?"

"Kafili wake."

"Hapa hatuandikishi makafili, bwana. Kaa pale kwa benchi."

Foleni ikacheka. Mwanamke mmoja akasema, "Mwambie tena, hakuskia!" Jaifar akaenda benchini, masikio mekundu.

Josphat akafungua kitabu. "Velma Kageha."

"Ndiyo mimi," alisema Velma, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. Miaka mitano hakuwa amelisikia jina hilo likitamkwa na mtu aliye mbele yake. Akaweka vidole vyote kumi mezani, vinang'aa, tayari.

Josphat hakuisogeza mashine. Aliugeuza ukurasa kwenye mwanga, akausoma tena.

"Mama, hii imeisha."

"Imeisha vipi?"

"Muda wake. Tangu Februari."

"Hapana. Ni ya miaka kumi. Mimi nina mitano tu hapa."

"Ulichukua lini?"

Akakumbuka. Aliichukua kwa ajili ya kazi ya Qatar, ile iliyofia njiani, na kitabu kikakaa sandukuni kwa mamake muda mrefu kabla ya Oman. Yeye alikuwa anahesabu kutoka siku aliyopanda ndege. Akatoa simu, akafungua picha. Namba ipo. Sura ipo. Chini, mahali pa tarehe ya mwisho, dole gumba la Murshid na pete yake.

"Ndugu yangu, niandike tu. Sura si hii?"

"Sura ni yako. Mashine ndiyo haitakubali."

"Na kitambulisho cha nyumbani?"

"Huku nje ni pasipoti tu, na iwe hai. Kuomba nyingine ni wiki kadhaa." Akamrudishia Velma kitabu. "Na sisi tunafunga leo saa kumi. Pole, mama."

Jaifar alikuwa ameshasimama, mkono mbele. "Basi, yamekwisha. Lete."

"Ulijua?"

"Nijue nini? Mimi kitabu hicho sijakifungua hata siku moja. Mama kakiweka na dhahabu yake."

"Dhahabu ya mamako ingepungua kipuli kimoja, mngejua siku hiyo hiyo."

"Salma, watu wanatutazama. Lete pasi."

"Salma hayuko kwa hii foleni." Akaitia pasipoti ndani ya blauzi, akafunga kifungo. "Mlisema mnaitunza. Mmeitunza mpaka imekufa. Sasa nitakaa nayo mwenyewe."

Jaifar akashusha sauti zaidi. "Nitaripoti kuwa umetoroka. Unajua maana yake: polisi, kisha ndege."

"Ripoti. Nimetoroka nimefika wapi? Nimesimama hapa, watu arobaini wananiona."

Hakuna aliyecheka sasa. Baadhi ya wasichana waliangalia sakafu. Jaifar akatoka. Gari likasikika likiondoka, na ndani yake mkoba wa Velma, wenye maji na chaja.

Velma hakuondoka. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, na kila mwanamke aliyeingia akamwambia, "Fungua yako. Soma tarehe." Wawili walisoma, wakageuka, wakarudi walikotoka. Wa tatu alisema yake haijui hata rangi, iko kwa madamu, alikuwa amekuja na picha.

Saa kumi kamili simu ikalia. Susan, kwa kunong'ona.

"Velma, uko wapi? Wanasema kuna dada wa Bawshar ametoroka leo, eti alienda kuandikishwa kura. Wanasema atapandishwa ndege. Si nilikuambia? Unamjua?"

Josphat alikuwa anakunja waya za mashine. Velma akamwomba kalamu. Akampa, pamoja na fomu iliyoharibika. Velma akaigeuza nyuma, akaandika kwa herufi kubwa za darasa la nane, vaselini ikiacha madoa kwenye karatasi. Kisha akaipiga picha, akahakikisha hakuna kidole kilichoingia, akamtumia Susan ili naye awatumie wengine.

Usimpe mtu pasipoti kabla hujasoma tarehe ya mwisho kwa sauti.

Usikubali mtu akushikie ukurasa ukipiga picha.

Usihesabu miaka kutoka siku ya ndege.

Usiseme asante wakikuambia iko salama.

Usingoje siku ya mwisho.

Usije na picha.

Usiamini habari za dada wa Al Amerat mpaka umuone. Wala za dada wa Bawshar. Dada wa Bawshar ni mimi. Sijatoroka, niko Ruwi mlangoni, wamefunga.

Usiitikie jina ambalo si lako.