Udongo Usiokunywa Maji

Mfinyanzi, mwenyekiti wa mtaa, alikataa katakata kutia sahihi mchoro wa mradi.

"Mama mdogo, unaniaibisha," alinong'ona mpangaji miji, mtoto wa dada yake, mwanamume mzima na tai yake shingoni. Mkuu wake wa kazi alikuwa ubavuni, akitazama saa.

Mchoro wenyewe ulikuwa mzuri, hilo halikuwa na ubishi. Bustani za mashimo kando ya barabara: mvua inyeshe, maji yatiririkie humo, ardhi iyanyonye, mafuriko yabaki hadithi. Katika mji ulikotoka ulikuwa umefanya kazi vizuri sana.

"Huko ardhi yao ikoje?" aliuliza mfinyanzi.

"Kichanga."

"Na yetu?" Akagonga mtungi. "Huu nimeufinyanga kwa udongo wa hapa hapa mlangoni. Ungekuwa udongo wa kunywa maji, wateja wangeshanipiga mawe zamani."

Mkuu akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mama ni hazina, mama ni maktaba, ila utaalamu ni utaalamu.

Mfinyanzi hakuwa na muda wa maktaba. Nyumba yake ilikuwa chini ya mteremko, na kila mvua kubwa maji yalimfuata mpaka uvunguni. Wiki iliyopita alikuwa amechimba shimo kwa vipimo vyao vile vile, akamimina ndoo kumi. Akawapeleka wakaone. Maji yalikuwa yamejaa tele, viluwiluwi wa mbu wakijinyonganyonga kwa raha zao.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni wenu, mchoro huu, atatuua! Panueni mtaro, maji yaende bondeni. Miti pandeni, sikatai. Lakini mashimo? Labda mnizike humo."

"Mtaalamu akithibitisha, inatosha," mkuu alisema kwa sauti kavu. Akamgeukia mpangaji. "Weka sahihi. Usipoweka, kesho usije ofisini."

Mpangaji alichuchumaa, akachovya kidole shimoni. Mchoro ule aliupenda kama mtoto wa kwanza, na kazi aliihitaji. Aliogopa, tena sana.

"Siweki," akasema.

Mkuu akapanda gari, akaondoka bila kuaga.

"Kazi ndiyo imekwenda hivyo, mama mdogo."

"Imekwenda na gari, wewe umebaki. Watarudi, na watukute na mchoro wetu." Akamwonyesha rundo la udongo mbichi uani. "Vua viatu, mwanangu. Kabla hujachora tena, uukanyage kwanza uujue."