Namba Mbili si ya Pili

Haya nilisimuliwa na mkwe wangu, mke wa kitindamimba wangu, Jumatatu asubuhi tukikunja nguo. Yeye ni fundi wa kompyuta. Nimeandika kama alivyosema, na pale nisipoelewa nilimwambia arudie.

Jumapili alitumwa kwenye zahanati kubadilisha diski iliyokufa. Zahanati ina kompyuta kubwa inayotunza habari za wagonjwa wote, wanaiita seva. Ni sanduku la chuma lililolazwa kwenye rafu, linapuliza upepo mchana kutwa. Mbele lina diski nne zimepangwa mstari kama droo. Habari zimegawanywa humo kwa namna kwamba diski moja ikifa, tatu zinambebea mwenzao mzigo. Zikitoka mbili, mzigo unaanguka.

Mwenye funguo alikuwa karani, mama wa makamo wanayemwita Mama Kadi. Miaka kumi na moja ameingiza kadi za wagonjwa humo, moja moja, kwa vidole viwili. Kadi za karatasi zilioza paa lilipovuja. Nakala ya akiba ilikuwa kwenye kifaa kilichoharibika, na barua ya kuomba kingine bado inazunguka ikitafuta sahihi.

"Kwa hiyo, mwanangu," karani akasema, "ukiharibu hapo umenizika nikiwa hai."

"Nimekuelewa, mama. Hata kuzima hatuzimi. Natoa mbovu, natia nzima."

Mkwe wangu akavua pete na bangili. Akavaa ule mkanda wa mkononi wenye waya unaoshikizwa kwenye chuma, kwa sababu mwili una umeme mdogo unaoweza kuua kifaa bila wewe kuhisi. Akampigia simu fundi mkuu, ambaye huiona mashine akiwa mbali, kwa mtandao.

"Iliyokufa ni namba mbili," fundi mkuu akasema.

Mkwe wangu akahesabu toka kushoto: moja, mbili. Diski mbovu huwasha taa ya njano, lakini hapo hakuona taa, aliona plasta ya vidonda imebandikwa mstari mzima. Hakuuliza. Akabonyeza kitufe, akavuta droo upana wa vidole viwili, akangoja. Ndani mna sahani inayozunguka, na ukiibeba kabla haijatulia unaiumiza. Akiwa anangoja, akaisikia inanguruma kwenye kidole.

Maiti haingurumi.

"Wewe binti!" Mama Kadi akaita kutoka mezani kwake. "Kadi zangu ziko wapi? Kioo kinasema hakuna kitu!"

"Usiguse chochote, mama. Nimekosea droo."

"Umekosea droo! Hapa unatafuta soksi?"

Fundi mkuu alikuwa bado kwenye simu. "Umetoa ipi?"

"Namba mbili. Ya pili."

"Namba mbili si ya pili. Mashine inaanza na sifuri. Sifuri, moja, mbili. Ni ya tatu hiyo."

Mkwe wangu anasema alilijua hilo tangu chuoni. Kujua ni kujua, na mkono ni mkono.

"Maji yakimwagika hayazoleki," Mama Kadi akasema, akakaa chini.

"Hayajamwagika, mama. Kikombe kimeinama tu. Hii plasta nani kaibandika?"

Mama Kadi akakohoa. "Mimi. Ile taa ya njano ilikuwa inanikonyeza wiki nzima, kama mwanamume asiye na adabu. Nikaona nizibe zote."

Wakaibandua. Taa ya njano ilikuwa kwenye droo ya tatu, inakonyeza.

Sahani ilipotulia kabisa, mkwe wangu aliirudisha diski mahali pake palepale, akaisukuma mpaka ikalia ta. Fundi mkuu akamwambia awashe mashine upya. Ilipoamka ikauliza: imeona diski ngeni, iipokee au iifute?

"Ngeni!" Mama Kadi akasema. "Katoka nje dakika tano tu, keshaitwa mgeni?"

"Nisomee neno kwa neno," fundi mkuu akasema. "Kidole kiweke mfukoni kwanza."

Akasoma mara mbili. Akabonyeza kupokea. Mama Kadi alikuwa amegeukia ukuta. Baada ya dakika nne kioo chake kikajaa majina.

Safari hii mkwe wangu hakuhesabu. Alimwomba fundi mkuu namba iliyochapwa kwenye diski mbovu, akavuta droo ya tatu, akalinganisha tarakimu zote, Mama Kadi akisoma kwa sauti. Ikatoka kimya, ya baridi. Akatia mpya. Mashine ikaanza kuinakilia sehemu yake: asilimia moja, mbili. Ilikuwa saa tano asubuhi.

"Nenda nyumbani, mama."

"Siendi. Mpaka mia."

Kwenye sitini alikuwa bado anakagua kadi, akiita majina kama mwalimu darasani. Kwenye themanini kichwa kililala juu ya meza. Saa kumi jioni ikafika mia, taa zote nne zikawa kijani. Mkwe wangu akamtikisa bega.

"Mia, mama."

"Zote?"

"Zote."

"Haya," akasema bila kufumbua macho, akaendelea kulala.

Mkwe wangu akavua mkanda, akavaa pete yake. Funguo zilikuwa mfukoni mwa Mama Kadi, kwa hiyo hakuweza kufunga na kuondoka. Akajinyoosha kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa, viatu vikiwa miguuni, naye akalala.