Waya wa Milimita Mbili na Nusu

Jumatatu saa nne asubuhi Nyevu alikuwa amesimama kwenye kaunta ya duka la vifaa vya umeme, Likoni, mbele yake mashine mbili za kupuliza majani. Alizinyanyua moja moja, akizipima uzito kwa mkono kama anayechagua kuku. Shoga yake Kaviha alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, kapakata mikoba ya wote wawili.

Walikuwa wametumwa na Bi Zuleikha, mwenye bustani ya harusi kule Shika Adabu. Bustani ile ina miti saba ya mikungu, na mkungu hauna haya: unamaliza kufagia upande huu, umeshamwaga upande ule. Nyevu alikuwa ameifagia miaka kumi na sita kwa fagio la chelewa, akilala chumba cha nyuma, karibu na tangi la maji. Kaviha alikuja baadaye, kwa mkono wa Nyevu huyohuyo. Aliwekwa jikoni kuosha masufuria, halafu akapanda hadi ofisini, kazi yake kupokea simu za maharusi.

"Hii wati elfu mbili, ile elfu moja na mia mbili," alisema Luqman, mwenye duka. "Ile ndogo ni ya majani ya mwarobaini. Jani la mkungu ni sahani, mama. Likishalowa umande, pumzi ya mgonjwa hailiondoi."

Nyevu alichukua kubwa.

"Na waya wa kurefushia?" Luqman aliuliza.

"Tunao ofisini," Kaviha alijibu kutoka kwenye benchi. "Ule wa televisheni. Twende zetu, shoga, jua lishakuwa kali."

"Wa televisheni ni wa televisheni," alisema Luqman, akawafungia mashine.

Bustani ina soketi moja tu ya kuaminika, nayo iko ofisini, chini ya meza ya Bi Zuleikha. Jumanne Nyevu aliupitisha waya wa televisheni dirishani, akauburuta mpaka kwenye mikungu, akawasha. Mashine ilikohoa. Majani mawili matatu yalijigeuza upande, yakalala tena. Pamoja na upepo ikatoka sauti ya mtu, imekatikakatika: "...yevu... ...gongo..." Kisha ikanyamaza. Waya ulikuwa na joto kama chapati iliyotoka kwenye kikaango.

Nyevu alidhani ni redio ya jirani. Mwanatabu, anayeuza viazi karai langoni, alimwambia si redio, hayo ni maneno ya ofisini. Pampu ya shemeji yake kule Mtongwe nayo ilikuwa ikitoa maji na mazungumzo ya sebuleni ilikochomekwa. Familia ilizoea kuchota vyote viwili.

Jumatano Nyevu alirudi dukani peke yake. Luqman alimsikiliza bila kuinua macho.

"Waya mwembamba, safari ndefu, kitu hufika kimechoka," alisema. "Umeme, maneno, vyote. Wataka vifike vizima?"

"Mimi nataka kazi iende, mwanangu."

Akampimia waya wa milimita mbili na nusu, wenye nyaya tatu ndani, moja ikiwa ya ethi, ya kupeleka umeme ardhini, na ganda la mpira la kustahimili maji na kukanyagwa. Mita thelathini, si zaidi. Akaufungia plagi ya ampea kumi na tatu.

"Ukiutumia, ukunjue wote," alimwonya. "Ukiuacha umezongwa nusu, unajipika wenyewe."

Alhamisi mashine ilifanya kazi kama ilivyoandikwa kwenye boksi. Majani yalinyanyuka kwa kundi, yakakimbilia ua. Katikati ya majani ikaja sauti ya Kaviha, nzima, hata vile anavyomeza mate kabla ya kusema jambo.

"Bi Mkubwa, mashine ni kazi ya mtu mmoja. Nyevu mgongo umekwisha. Mwenyewe hatasema, lakini mimi ndiye nimsuguaye mafuta ya nyonyo kila Ijumaa, najua. Kuna siku akiinama hainuki. Na kile chumba cha nyuma kingenifaa mimi na wanangu."

"Miaka yote hii, Kaviha. Nitamwambiaje?"

"Mwache amalize harusi ya Jumapili. Mwambie Jumatatu."

Nyevu hakuzima. Upande wa jukwaa ulikuwa bado. Aliumaliza, akakunja waya, akaurudisha ofisini. Walisalimiana na Kaviha.

Jioni ile ua mzima ulijua, na Ijumaa asubuhi watu walikuja na vigoda vyao. Mashine ilipowashwa walimsikia Bi Zuleikha akibishana na mama wa bwana harusi kuhusu biriani, wakacheka, wakanunua viazi. Maneno yaliyohusu Nyevu yalipopita, walitazama chini kwa adabu. Mwanatabu peke yake ndiye aliyesema.

"Ningekuwa mimi, wallahi, leo ningemsugua yeye. Kwa pilipili."

Alasiri Kaviha alifika chumba cha nyuma na chupa ya nyonyo, kama Ijumaa zote. Nyevu alikuwa amekaa kitandani.

"Shoga, watu wana midomo," Kaviha alianza. "Mimi nilikuwa nakutetea."

"Nilikusikia, shoga. Waya ni mzuri."

Kaviha aliitazama chupa. Alikuwa ameshaipasha moto.

"Basi nikusugue?"

Nyevu alilala kifudifudi. Kaviha alimsugua vizuri, palepale panapouma, maana anapajua. Macho yake yalipita dirishani, yakapita mlangoni, yakasimama ukutani pangekaa kabati.

Harusi ya Jumapili ilifana. Jumatatu Bi Zuleikha aliita, "Nyevu!" naye akaitika, "Abee." Bi Zuleikha alisema maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, na alipokwama katikati, Nyevu alimkumbusha linalofuata. Akapewa siku mbili kuhamisha vitu.

Jumatano ua ulijaa kuliko siku ya harusi. Mwanatabu alikuwa amekaanga karai mbili. Kila mtu alijua Nyevu angeingia ofisini kurudisha ufunguo, na kila mtu alijua kwamba siri zote za Kaviha amekabidhiwa yeye, na kwamba soketi iko palepale miguuni. Kaviha alikuwa uwanjani, mashine mkononi, akipuliza huku amekaza shingo.

Nyevu aliweka ufunguo mezani. Chini ya meza aliuona waya, nusu yake bado imezongwa. Aliinama.

Nje mashine ikasema, "Uuuh, mgongo wangu." Ikapuliza kitambo majani matupu. Kisha ikasema tena, "Shoga, nimeukunjua wote. Usiuache vile, utakuunguza."

Watu walingojea. Hakikuja kingine ila ndara zikiburuzwa sakafuni na mlango ukirudishwa taratibu.

Kaviha alihamishia mashine mkono wa pili, akaendelea kupuliza kuelekea langoni. Majani yalitoka kwanza, halafu Nyevu.