Mita Kumi na Mbili kwa Saba

Jumatano, saa mbili na robo asubuhi, Mama Gundi na shemeji yake walishusha mazulia matatu ya nyasi bandia na kuyapitisha ubavuni mwa nyumba, wakiinama chini ya kamba za kuanikia nguo. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kiwanja cha mpira cha uani, mita kumi na mbili kwa saba, goli moja kila upande. Kokoto zilikuwa zimeshamwagwa na kushindiliwa. Vigingi na uzi alivifunga mwenye nyumba mwenyewe. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, na kwa vipimo hakumwamini mtu.

"Nataka wajukuu wachezee humu humu," alisema. "Huko barabarani madereva wana wazimu."

"Ni kweli, mzee," alijibu Mama Gundi, akachomoa kisu chake.

Alikuwa na miaka arobaini na moja. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, kwa kuwa maungio yake hayakuonekana hata ukiyatafuta na miwani. Mahali pale alipatambua tangu getini, lakini kazi ni kazi.

Zulia la kwanza lilikaa sawasawa. La pili halikusimama. Lilijikunjua taratibu kama mtu anayejinyoosha baada ya usingizi, likapita kigingi cha mwisho, na ukuta ukarudi nyuma kulipisha. Haukupasuka wala haukutoa sauti. Ulikwenda tu, pamoja na tangi la maji la jirani, hadi tangi likaonekana dogo kama kopo.

"Shemeji, shika huko mwisho," alisema Mama Gundi.

"Mwisho upi?"

Shemeji alivaa kofia, akaenda. Aliporudi alikuwa amevua viatu na kuvishika mkononi.

"Kuna goli," alisema. "Golini kuna msichana. Anakuulizia wewe."

Mpima ardhi aliingia ndani kuchukua utepe. Mke wake, mwalimu mstaafu, alimshikia ncha moja kama alivyozoea kumshikia vitu kwa miaka thelathini. Walipima urefu, wakapima upana, wakarudia. Ilikuwa mia moja na tano kwa sitini na nane. Kisha mpima ardhi alitoka nje ya geti, akauzunguka ukuta wake, akakuta kiwanja kilichoandikwa kwenye hati kiko vile vile na majirani wote wako mahali pao. Aliandika vipimo vyote viwili kwenye daftari, cha ndani na cha nje, akapiga mstari chini ya cha nje.

Mazulia matatu yalitosha. Gundi ilitumika nusu kopo.

Mama Gundi alitembea kuelekea golini. Upepo ulipita juu ya nyasi zile za plastiki ukanukia udongo uliolowa, na mbingu ilikuwa pana kiasi kwamba mke wa mpima ardhi, aliyebaki nyuma, alivua kandambili bila kujua kwa nini na kusimama na mkono kifuani. Hakuna aliyepaza sauti. Mahali penyewe palikuwa pakubwa mno.

Golini alisimama dada yake, aliyeitwa Sumaku kwa vile mpira ukifika mikononi mwake haukutoka. Alikuwa na miaka kumi na sita, kama mara ya mwisho alipoonekana, na jezi ya njano ambayo mama yao aliishona kwa pazia.

"Mdogo wangu, umenenepa," alisema Sumaku.

"Nimezaa, dada. Watatu."

"Hongera. Mguu wa kushoto bado upo?"

"Upo."

"Piga basi."

Sumaku alimrushia mpira, Mama Gundi akapiga. Sumaku aliruka, akaudaka, akatua na mpira kifuani, na vumbi likatimka mahali ambapo hapakuwa na vumbi. Mama Gundi aliona machozi yanamtoka, akayafuta kwa mkono wenye gundi.

Mpima ardhi aliwafikia akihema. "Huyu ni nani wako?"

"Dada yangu. Tulikuwa tunacheza hapa, timu ya wasichana. Mlipoweka uzio tukahamia barabarani. Wiki ya pili tu alikimbilia mpira, lori likamkuta."

"Nakumbuka uwanja," alisema mpima ardhi. "Kwenye ramani niliandika ardhi tupu."

"Tulikuwemo, mzee. Siku ile unapima, dada ndiye aliyekushikia utepe."

"Uliniambia nishike vizuri," Sumaku alisema.

"Na ulishika vizuri," mpima ardhi alikiri. Alimtazama kitambo, akafunika daftari lake. "Makaratasi yote yalikuwa sahihi."

Mke wake alisema mgeni apewe maji. Sumaku alishukuru, akasema hasikii kiu siku hizi.

Jioni walisaini hati ya kupokea kazi: mita kumi na mbili kwa saba. Mama Gundi aliomba awe anakuja Jumapili kumwona dada yake.

"Jumapili tunapumzika, fundi," alisema mpima ardhi. "Lakini nyasi hizi si zinahitaji kupigwa brashi?"

"Kila miezi mitatu."

"Basi njoo kila miezi mitatu."

Wajukuu wanacheza humo kila Jumamosi, na Sumaku amewafundisha kudaka. Majirani husikia shangwe, huridhika kwamba mzee wa watu ana familia yenye furaha. Mama Gundi hufika na brashi yake, hubonyeza kengele, huandika "matengenezo" kwenye kitabu cha getini, kisha hupiga brashi uwanja mzima hadi golini, ambako hupewa nusu saa.

Mara ya mwisho Sumaku alimwomba awalete wenzao wa zamani, wale walio hai, angalau beki wawili. Mama Gundi alimuuliza mpima ardhi. Mpima ardhi alifikiri kwa dhati, akajibu kwamba kwa kiwanja kidogo kama kile, fundi mmoja anatosha.