Ng'ombe wa Oyaro Uwanjani

Kuja Rangers, timu ya soka ya Ndhiwa, walipopanda daraja walihamia uwanja wa Migori wenye viti na taa, wakautupa uwanja wao wa Ndhiwa. Aibu tupu! Uwanja ule ulijengwa kwa shingo za watu. Kina mama walibeba changarawe kwa karai, trekta la miwa likasawazisha, na timu kubwa za Nairobi zilifika pale zikarudi zimeinamisha vichwa. Golini alikuwa Oyaro, na Oyaro hakuwa mtu wa kufungwafungwa ovyo.

Sasa Oyaro amekufa. Uwanja umenunuliwa na Cliff, Mjaluo aliyezaliwa na kukulia Nairobi. Amezungusha mabati, amekata ploti za nyumba, na Jumatatu wanunuzi wanakuja.

Edith, dada yake Oyaro, alikuwa amemwahidi kaka yake alipokuwa mahututi kitandani kwamba uwanja hautaondoka. Alipiga hodi ofisi zote, akachoshwa na njoo kesho. Lakini kukata tamaa? Yule? Thubutu!

Siku iliyofuata mazishi, wanaume walikusanya ng'ombe kwa ajili ya buru, ile desturi ya kukifukuza kifo kwa nyimbo na fimbo kutoka boma la marehemu, kikaachwe mbali. Kwa kawaida walikipeleka mtoni.

"Leo twende uwanjani," Edith akasema.

"Yawa! Pale si pana mwenyewe?" mjomba wake Elkana akauliza. "Anataka watu wajenge."

"Ndiyo, mjomba. Anataka watu wajenge."

Hapo mzee akamwelewa. Kisha akachukua fimbo yake akatangulia.

Cliff aliwakuta getini. "Mama, hapa ni mali yangu."

"Najua, baba. Kaka yangu amedaka hapa maisha yake yote. Tunaomba kumuaga tu."

Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya kuigiza. Cliff akalainika, akafungua geti mwenyewe, hata akavua kofia. Edith alimhurumia kwelikweli. Hata hivyo hakurudi nyuma.

Ng'ombe wakaingia, filimbi zikalia, vumbi likatimka. Wanaume wakapiga fimbo na matawi chini pale golini, wakakitukana kifo matusi yote wanayoyajua, wakakiacha hapohapo. Wakaondoka bila kugeuka.

Jumatatu wanunuzi walishuka magarini. Wakaona samadi na matawi yaliyotupwa golini, wakauliza majirani, wakaambiwa. Hakuna aliyengoja kuonyeshwa ploti yake. Nani alaze watoto wake pale kifo kilipoachwa?

Cliff akamfuata Edith nyumbani, jasho likimtiririka.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua. Nisamehe, baba, lakini nilijua."

"Na nilikufungulia geti kwa mkono wangu!" Akaketi bila kukaribishwa. "Sasa nitapafanyia nini? Hakuna mtu atakayekubali kulala pale."

Edith akammiminia chai, akamsogezea kikombe.

"Kweli, pale hapalaliki tena," akamwambia. "Lakini panachezeka."